Kichekesho, futuhi au vitimbi?

SWALI: Kikundi chetu cha maigizo kimefasiri tamthilia ya Georges Feydeau, La Puce à l'oreille, na mimi nimepewa kazi ya kuandaa kijitabu cha onyesho. Vitabu vinasema tamthilia hii ni farce, yaani mchezo wa kuchekesha wa mikasa. Nimeandika "futuhi", mwenzangu anashikilia "kichekesho", na mwingine anasema tuandike "farsi" tumalize. Nani yuko sahihi? Halafu jina tulilolipa, "Kiroboto Sikioni", linafaa? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Farsi iondoeni kwanza. Kifarsi tunacho tayari, ni lugha ya Uajemi, na tangazo lenu likisomwa redioni nusu ya wasikilizaji watasikia "farasi".

Futuhi si kosa, ila ni pana mno. Vitabu vya fasihi vya shule, hasa vya Kenya, hulitumia neno hilo, pamoja na ramsa, kwa tamthilia yoyote ya kuchekesha yenye mwisho mwema. Huko Tanzania wengi walilizoea kupitia kipindi cha televisheni chenye jina hilo hilo. Lakini bahili wa Molière, mwandishi wa Kifaransa wa karne ya 17, katika L'Avare (1668) naye ni mtu wa futuhi, na hapo tunachekea tabia: choyo cha mzee na jinsi kinavyomtesa. Kwenye farce tabia si hoja. Mtu anaweza kuwa mwadilifu kupindukia na bado akajikuta chini ya kitanda cha hoteli bila suruali. Kinachochekesha ni mkasa unaozaa mkasa.

Kichekesho kinakaribia zaidi, na kwa farce ya zamani ndilo neno ninalolipenda. Neno la Kifaransa limetokana na Kilatini farcire, kushindilia, na hadi leo jikoni kwao farce ni kile kinachojazwa ndani ya kuku, kama nyama ya kusaga ndani ya sambusa. Katika Zama za Kati michezo mifupi ya kuchekesha ilishindiliwa katikati ya michezo mirefu ya dini ili watazamaji wasichoke. Kichekesho cha Tanzania kilipata nafasi kama hiyo: katika maonyesho ya vikundi vya sanaa kiliwekwa baina ya ngoma, sarakasi na taarab, na waigizaji mara nyingi walikitunga papo hapo. Sisemi kimoja kimetokana na kingine. Nasema tu kwamba neno letu lilikwisha kuvaa kazi hiyo.

Farce mashuhuri kuliko zote za Zama za Kati ni ile ya Mwanasheria Pathelin, ya katikati ya karne ya 15, isiyojulikana mtunzi wake. Pathelin, wakili njaa, anamlaghai mfanyabiashara wa nguo, anaondoka na kitambaa bila kulipa. Baadaye anamtetea mchungaji aliyeshtakiwa na mfanyabiashara huyo huyo kwa kuiba kondoo. Anamfundisha mteja wake ajibu kila swali la hakimu kwa mlio wa kondoo: "Mee!" Mlalamikaji anapomwona wakili, anachanganyikiwa, anarukaruka kati ya kesi ya kitambaa na ya kondoo, mpaka hakimu anamsihi arudi kwa kondoo wake. Kesi inafutwa. Pathelin anadai ada yake. Mchungaji anamjibu: "Mee!" Aliyekulia na Vioja Mahakamani, kipindi cha vichekesho cha televisheni ya Kenya, hahitaji kufafanuliwa kwa nini watu walicheka.

Molière aliinywa mila hiyo, tena pamoja na ya Waitaliano, maana kuanzia 1658 kundi lake lilipokezana ukumbi mmoja wa Paris na kundi la Kiitaliano. Mwaka 1666 akatoa mchezo wa mkata kuni anayepigwa marungu hadi akubali kwamba ni daktari. Akiulizwa kwa nini anaweka moyo kulia na ini kushoto, anajibu kuwa siku hizi wamebadilisha yote hayo. Kiswahili kinaujua mchezo huo zamani, kwa jina la Tabibu Asiyependa Utabibu.

Sasa tufike kwa Feydeau (1862–1921), maana hapa ndipo "kichekesho" kinapowapungukia. Ukimwambia Mswahili kichekesho, atangojea kipande cha dakika chache. La Puce à l'oreille (1907) ina sehemu tatu na imepangwa kwa ukali wa hesabu. Mikanda ya mabegani ya bwana inarudishwa nyumbani kwa posta kutoka hoteli yenye sifa mbaya. Mkewe anashuku. Anamwomba shoga yake aandike barua ya mapenzi, kwa kuwa mwandiko wake mwenyewe utajulikana, amtege bwana hotelini. Bwana anadhani barua ilimlenga rafiki yake mtanashati. Kwa bahati mbaya anamwonyesha pia mume wa yule shoga, Mhispania mwenye wivu na bastola, ambaye anautambua mwandiko wa mkewe. Wote wanaishia hoteli moja, ambako mhudumu mlevi anafanana na bwana kama mapacha, na ambako kitanda huzungushwa kwa kubonyeza kitufe: wapenzi wanapelekwa chumba cha pili, na mahali pao kinaletwa kitanda chenye mzee anayelalamikia baridi yabisi. Wasiotakiwa kabisa kukutana, ndio wanaofunguliana mlango.

Milango hiyo imefika mbali. Vipindi vingi vya televisheni vya kuchekesha hutegemea hesabu hiyo hiyo: uongo mdogo, mtu anayeingia wakati mbaya, uongo mkubwa zaidi wa kuufunika ule wa kwanza. Hoteli ya Fawlty Towers ya Waingereza (1975 na 1979) ni mtoto halali wa Feydeau.

Kwa aina hii napendekeza "tamthilia ya vitimbi". Kitimbi ni hila, njama, kisa cha kumtia mtu matatani, na Wakenya wamelizoea neno hilo katika vichekesho vya televisheni tangu enzi za Mzee Ojwang. Linataja kile hasa kinachouendesha mchezo. Wafaransa wenyewe, kwa Feydeau, mara nyingi husema vaudeville badala ya farce, kwa hiyo hamtamkosea mtu adabu. Kwenye habari za kawaida endeleeni na mazoea: kikao kilichovurugika kimegeuka kichekesho, au kioja. Hakijageuka futuhi.

Kuhusu "Kiroboto Sikioni", hapana. Kwa Mfaransa kutiwa kiroboto sikioni ni kuingiwa na shaka. Kwa Mswahili ni kwenda hospitali. Tunao msemo unaokaa pale pale: machale kumcheza mtu. Andikeni Machale Yamenicheza, tamthilia ya vitimbi ya Georges Feydeau, katika sehemu tatu, na jina la Kifaransa liwe chini kwa herufi ndogo. Na kwenye orodha ya maonyesho yenu mengine, msiandike "matamthilia". Wingi wa tamthilia ni tamthilia.