Jirani mwenye mawazo mengi: mpe kazi ndogo, si mahubiri

Dada mmoja wa Ndosho, mtaa wa hapa Goma, ametuandikia wiki hii. Jirani yake, muuza sambaza (samaki wadogo wa Ziwa Kivu) wa soko la Kituku, hajagusa beseni tangu mwezi uliopita. Anashinda kitandani, watoto ndio wanaopika. "Nimemwambia ajikaze na aombe Mungu, anaitikia tu. Nifanye nini?"

Dada yetu, neno "jikaze" uliache. Amejiambia hilo mara nyingi kabla yako, na kila akishindwa anajiona bure zaidi. Anangoja nguvu zirudi ndipo atoke, na kadiri anavyolala ndivyo zinavyopungua: hapati hela, hapati jua, hapati wa kuzungumza naye, na kesho mlango unakuwa mbali zaidi. Moyo hauamriwi, lakini mguu huamriwa hata moyo ukiwa mzito. Anzia mguuni.

Kaeni wawili, nusu saa inatosha. Muulize zamani alipenda kufanya nini: kwaya, kusuka nywele, kikao cha likelemba, yaani mchango wa kupokezana. Achague yeye kimoja, si wewe. Kisha mkipunguze, halafu mkipunguze tena. Hapa ndipo wengi wanaharibu. "Kurudi sokoni" si kazi moja: kuna kuamka alfajiri, kutafuta mtaji, kuteremka ziwani, kisha kuwajibu wenzake wanaouliza alikuwa wapi, na hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote. Wiki ya kwanza iwe hivi: Jumanne, saa mbili asubuhi, akishanawa uso, akae nje ya mlango dakika 10. Bila siku na saa, kazi haifanyiki.

Mwekee punje 10 za maharagi mkononi: "Una hakika kiasi gani kwamba utafanya?" Akikurudishia chini ya 7, kazi bado ni kubwa. Maharagi hayohayo yapime uzito wa moyo kabla na baada. Ukishuka kutoka 9 hadi 8, mwonyeshe, kwa sababu mwenyewe atasema hakuna kilichobadilika.

Rudi siku uliyoahidi. Usiporudi, umemthibitishia kwamba hana thamani. Ikiwa hakufanya, usimlaumu, uliza kilichomzuia. Mvua? Aibu? Mtoto mgonjwa? Badilisheni saa au mpunguze tena. Deni na kodi ya nyumba vina mazungumzo yake: andikeni njia zote zinazowezekana, hata za ajabu, mchague moja ya kujaribu wiki hiyo. Shirika la Afya Duniani lilichapisha mwongozo wa namna hii mwaka 2016, uitwao PM+ (Problem Management Plus), wa mikutano 5, mmoja kila wiki, unaoendeshwa na watu wasio madaktari waliofundishwa na wanaosimamiwa. Zikipita wiki 5 bila nafuu, mpeleke kituo cha afya.

Sala haipingani na haya. Kikundi cha maombi kinachomjia na kukaa naye tayari ni dawa. Kinachotuumiza ni wale wanaouita ugonjwa huu wa mawazo mengi uvivu mbele ya watoto wake.

Usimchimbe aeleze ya vita. Goma imebeba volkano ya Mei 2021, kisha vita vya Januari 2025. Kumlazimisha mtu asimulie kunaweza kumzidishia maumivu. Akianza mwenyewe, sikiliza. Na lisitoke kwako: siri ikifika kisimani, hatakufungulia tena.

Siri hiyo ina mpaka mmoja. Akisema amechoka kuishi, muulize wazi: "Unawaza kujiua?" Swali hilo halimpandikizii wazo, linampa nafasi ya kusema. Akikubali, uliza kama ameshapanga namna. Ondoa dawa za panya, kamba na vidonge nyumbani, mwite ndugu anayemwamini, asiachwe peke yake hata usiku. Kisha msindikize mwenyewe hospitalini au Tulizo Letu, kituo cha magonjwa ya akili hapa Goma. Usimwelekeze njia tu na kumwacha aende.