Mnaoanza na CAR, nisikilizeni kabla hamjamaliza NADPH yetu

Jamani, nimechoka. CAR ni kimeng'enya kinachogeuza asidi kuwa aldehidi, na NADPH ni molekuli inayoipa elektroni za kazi hiyo. Kila kikundi kipya kikiingia maabara hapa Unguja, haipiti muda namkuta mtu kaikodolea macho spektrofotometa, kile kipima mwanga, mstari wa nanomita 340 unaoonesha NADPH iliyobaki unashuka, naye anachekelea. Nikimuuliza mrija wa kontroli, ule wa kulinganishia usio na CAR, uko wapi, anajikuna kichwa. Basi leo naandika ili nisiseme tena. Najua nitasema tena.

1. Mafuta ya karafuu si asidi. Kwa kuwa tuko Zanzibar, kila mgeni huja na chupa ya mafuta ya makonyo kutoka Pemba na ndoto ya kutengeneza vanilini, ile aldehidi yenye harufu ya vanila. Ndoto yenyewe si mbaya, maana zamani vanilini ya viwandani ilitokana na yujenoli, kiini cha mafuta hayo hayo. Lakini CAR hutaka kundi la kaboksili, lile la asidi, na yujenoli haina. Lazima bakteria wengine, kama baadhi ya Pseudomonas, waipeleke kwanza hadi asidi feruli, kisha asidi vanili, ndipo CAR ipate cha kushika. Hiyo chupa mpelekee bibi, itamfaa kwa jino.

2. ATP, molekuli ya nishati ambayo CAR huitumia, ukiiyeyusha hutoa asidi. Irekebishe hadi pH 7 kabla haijakutana na NADPH, kwani NADPH haivumilii asidi hata kidogo.

3. Sfp. Hapa mtanivumilia, nitakaa.

CAR ikitoka kwenye ribosomu, kiwanda cha protini cha seli, bado haijakamilika. Sehemu yake ya kwanza inaweza kuishika asidi na kuiunganisha na AMP, kipande cha ATP, lakini ili mzigo ufike kwenye sehemu ya mwisho, ambako NADPH inaigeuza asidi kuwa aldehidi, unahitajika mkono wa fosfopantetheini. Mkono huo hubandikwa kwenye serini ya sehemu ya kati, na anayeubandika ni kimeng'enya kingine. Sisi tunatumia Sfp ya bakteria Bacillus subtilis. Bila hivyo una mbuzi ya kukunia nazi isiyo na meno. Watu wa Chuo Kikuu cha Iowa waliitenga jeni ya CAR ya bakteria Nocardia mwaka 2004, na habari ya mkono wakaieleza 2007. Nilipoanza mimi, yote hayo yalikwisha kuandikwa. Sikuyasoma.

Nilikuwa na plasmidi (kipande cha DNA kinachotiwa ndani ya bakteria E. coli) yenye jeni ya CAR peke yake. Jeli ya kutenganisha protini kwa ukubwa ikanionesha mkanda mnene pale karibu na kilodaltoni 130, ukubwa wa CAR. Nikaupiga picha, nikamtumia mama. Nikavunja seli, nikatia majimaji yake bila kuyasafisha, nikaongeza asidi vanili, ATP, magnesiamu na NADPH. Mstari ukashuka, mzuri kweli. Nikagawa kwa 6220, namba ya kugeuza mstari huo kuwa kiasi cha NADPH, nikapata kasi, kasi nikaitia kwenye slaidi yenye rangi ya kijani. Mwalimu wangu akafurahi, akamsimulia mgeni wake. Mgeni huyo, mama mmoja mpole, aliniuliza swali moja tu: "Na seli zenye plasmidi tupu, mwanangu?"

Sikuwa nazo. Nikajibu kwamba nitazifanya, za kukamilishia tu. Nikazifanya: nazo zikaushusha mstari vile vile. Kumbe E. coli ana vimeng'enya chungu nzima vinavyokula NADPH bila kuniomba ruhusa. Vile vyake vya kubandika mkono anavyo, lakini kwa CAR havijitumi. Nikapitisha sampuli kwenye HPLC, mashine ya kutenganisha na kupima kemikali: asidi vanili ipo yote, vanilini haionekani. Nikaenda kwa mwalimu, mlango wazi, wenzangu wanasikia, nikamwambia ile kasi si ya CAR. Hakunigombeza. Alisema "haya," akaendelea na chai yake. Afadhali angenitukana.

Kwa hiyo Sfp iwe ndani ya seli pamoja na CAR, na plasmidi tupu iwe mezani siku ile ile, si wiki inayofuata. Na mkishatia IPTG, ile ya kuziamuru seli zitengeneze protini, shusheni joto hadi nyuzi 18 au 20 za Selsiasi. Protini kubwa namna hii ukiiharakisha hukunjika vibaya.

4. Vanilini ikipatikana, msilale. Aldehidi ni sumu kwa seli, na E. coli wa kawaida huigeuza kuwa alkoholi upesi sana. Kunjapur na wenzake kule MIT walifuta jeni kadhaa zinazofanya uharibifu huo, wakatoa aina ya E. coli inayoitwa RARE, mwaka 2014. Tumieni hiyo, au safisheni kimeng'enya. Kuna kijana wetu mmoja, simtaji, alinusa mrija akatangaza kuwa vanila imepatikana. HPLC ikaonesha karibu yote ni alkoholi. Pua nayo inataka kontroli.

5. Tris, bafa ya kutuliza pH, ina amini inayoweza kushikana na aldehidi. Wengi wanaitumia na kazi zao zinakwenda. Mimi natumia bafa nyingine, HEPES, na nalala vizuri.

6. Kila asidi inapounganishwa na AMP, pirofosfati hutoka, nayo ikijaa huizuia CAR. Tieni pirofosfatase, kimeng'enya cha kuivunja. Iagizeni mapema, maana kifurushi cha baridi kikifika Dar es Salaam Ijumaa mchana kitalala huko hadi Jumatatu, na barafu haijui wikiendi. Fomu za kuagizia ziko droo ya pili, chini ya glavu. Kalamu mje nazo, ya kwangu imeshachukuliwa.