Kabla ya bei, uliza geti linazungumza lugha gani

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Wete kaniandikia. Salamu ndefu, dua ndefu, kisha swali fupi: "Kaka, kuna bwana ana kiwanja Chake Chake, anataka kutia geti la kukata tiketi za pakingi. Nimeletewa bei mbili. Nichukue ipi?" Chini yake picha mbili za makaratasi ya bei, moja kaipiga kombo hata jumla haionekani.

Nilimjibu kwa sauti. Nilipotazama saa, dakika kumi na moja zimekwenda na kwenye jibu bado sijafika. Nikaifuta. Ndiyo nimekaa kuandika, maana najua hayuko peke yake. Nyinyi vijana wa mitambo, Unguja na Pemba, mnataka kile nilichokitaka mie: kuacha kuitwa "fundi waya" na kuitwa mtu wa kusimamisha mfumo mzima. Sina neno na hamu hiyo. Imenilisha. Imenivua nguo pia, tena hadharani.

Kazi nimejifunzia gizani. Mnaokumbuka Disemba 2009, umeme wa kutoka Bara ulikatika na Unguja ikakaa bila umeme miezi mitatu, mpaka Machi 2010. Mji mzima ulikuwa ukinguruma majenereta. Mie nilikuwa mbeba spana wa fundi mmoja mkubwa, na aliponichoka alinipa kitabu cha jenereta na laptopu ya mtumba ili nisimsumbue. Majenereta makubwa yana kisanduku cha kuongozea, kioo kidogo na vitufe, na vingi vyao huzungumza Modbus. Ni lugha ya zamani, kampuni ya Modicon iliitoa mwaka 1979 kwa mitambo ya viwandani, na mpaka leo haijazikwa kwa sababu maelezo yake kila mtu anayapata.

Nikachomeka waya mbili, nikatuma hivi: 01 03 00 00 00 01 84 0A. Hiyo 01 ni namba ya mashine unayoiita. 03 maana yake "nisomee". Zile sifuri nne, anzia mwanzo kabisa. 00 01, kimoja tu kinatosha. Mbili za mwisho ni hesabu ya kuhakikisha kuwa maneno hayakuchafuka njiani. Jenereta likanijibu! Mashine iliyotengenezwa na watu nisiowajua inazungumza na mtoto wa Jang'ombe kwa sababu mtu fulani aliandika kitabu na hakukificha. Usiku ule sikulala.

Miaka ya katikati nairuka. Ilikuwa pampu, viyoyozi na madeni.

Kisha nikapata kazi ya mzee mmoja mwenye kiwanja cha kuegesha magari, si mbali na Darajani. Alitaka geti la kuinuka, mashine ya kutoa tiketi, na kadi kwa wateja wa mwezi. Nilileta bei tatu. Moja ilikuwa ya muuzaji wa Bara, simtaji, na mashine zake zilikuwa nzuri kwa macho: chuma cheupe, taa ya buluu, kioo cha kugusa. Mzee akaniuliza swali moja tu, na lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyoulizwa kazini: "Likiharibika, mwengine ataweza kulitengeneza?"

Nikamjibu, "Bila shaka, mzee. Hili ni la wazi. Tazama, limeandikwa RS-485."

Hapo ndipo nilipojiangusha, na nimechukua muda kukiri. RS-485 si lugha. Ni njia. Ni jinsi ya kupitisha umeme kwenye waya mbili ili ujumbe ufike mbali bila kupotea. Juu ya njia hiyo mtu anaweza kuzungumza Modbus, ambayo kila fundi anaijua, au akazungumza kilugha alichokitunga mwenyewe chumbani kwake na funguo kazimeza. Mimi niliona barabara nikadhani nimemjua dereva. Na niliyasema hayo kwa sauti ya kujiamini, mbele ya mzee aliyeniamini.

Geti lilifanya kazi miezi kumi na minne. Likaja kufa kumi la mwisho la Ramadhani.

Kama hujawahi kuwa Darajani usiku baada ya tarawehe siku hizo, sina la kukuelezea. Watu wanatafuta nguo za Idi, viatu vya watoto, mapazia. Kiwanjani mna magari sitini na kitu, na mkono wa geti uko chini, hauinuki. Nilifika na Vespa nikiwa na kanzu. Nikafungua kifuniko. Ndani, baina ya skrubu mbili za bodi, mjusi kafiri kajilaza, kakauka kama dagaa, na pembeni yake bodi imeungua kahawia kama ukoko wa wali. Mjusi! Si umeme, si mvua, si uzembe wa mtu.

Mota ilikuwa nzima, nilikwishaijaribu. Umeme upo. Na kwenye begi nilikuwa na bodi nyengine mpya ya kampuni tofauti, yenye uwezo uleule. Nikaifunga. Mashine ya tiketi ikaikataa. Nikachomeka laptopu kusikiliza kinachopita kwenye waya. Namba zilikuwa zinapita tele, kila ukibonyeza kitufe zinabadilika, hazijirudii hata mara mbili. Nilikaa nazo karibu saa nzima, jasho linaingia machoni, watu wananipigia honi. Nina mota, nina umeme, nina bodi, na sina neno moja la kuliambia geti "inuka".

Nikampigia muuzaji. Simu imezimwa. Mwisho nikachukua spana ya 13 nikafungua bolti nne, vijana wanne wakaung'oa ule mkono wakauegemeza ukutani kama mkuki wa makumbusho. Magari yakatoka bure usiku ule na siku zote mpaka Idi. Muuzaji alipopatikana bei ya bodi ilikuwa milioni 3 na laki 2, wiki sita za kusubiri, nauli ya fundi wao juu yetu, na kwanza tulipe leseni ya mwaka ambayo mie sikuwahi kuisikia. Ilikuwa imeandikwa nyuma ya mkataba.

Mzee hakupiga kelele. Alisema, "Mwanangu, kumbe mie sikununua geti. Nimeoa mke ambaye talaka yake iko mkononi mwa baba yake." Barazani walicheka. Mie nikacheka nao. Baadaye nikasikia kuwa hapohapo barazani, nisipokuwepo, nilipewa jina: "fundi wa inuka". Kazi mbili nilizokuwa nimeahidiwa ziliyeyuka bila mtu kuniambia kitu. Akufukuzaye hakwambii toka. Nikisema halinichomi tena nitakuwa nasema uwongo.

Kiwanja kile leo kina kamba ya katani na kijana mwenye kitabu cha risiti. Nikipita na gari natoa pesa yangu kama watu wengine. Kamba haina leseni ya mwaka.

Sasa basi. Mwezi uliopita nilikuwa hoteli moja ya pwani ya kaskazini, mfumo niliousimamisha mwenyewe miaka miwili nyuma, na ndiyo maana leo nina mdomo wa kushauri. Kisomea kadi cha getini kilikuwa kimeliwa na chumvi, ukikigusa kinapukutika unga wa kijani. Kampuni iliyokitengeneza haikitoi tena. Meneja, dada mmoja mpole, ananitazama kama mgonjwa anavyomtazama daktari. Nikatoa kwenye begi kisomea cha kampuni nyengine kabisa. Waya ya kijani kwa ya kijani, nyeupe kwa nyeupe, nyekundu na nyeusi za umeme. Dakika arobaini, na kumi kati ya hizo zilikuwa za chai. Kadi zilezile za wafanyakazi zikafungua geti lilelile.

Niliweza kwa sababu vyote viwili huzungumza Wiegand ya biti 26, lugha ya visomea kadi ambayo kila ujumbe ni sifuri na moja ishirini na sita. Waya ya kijani hupeleka sifuri, nyeupe hupeleka moja. Biti nane ni za mahali, kumi na sita za namba ya kadi, na moja kila upande ya kukagua. Ndiyo maana namba ya kadi haipiti 65,535. Ni hivyo tu, na dunia nzima inajua. Lakini nisikudanganye kama nilivyomdanganya mzee: Wiegand ni kongwe na haina siri yoyote. Mwenye kugusa zile waya anasikia kila kitu, na kisomea hakiwezi kuulizwa hali yake, kinasema tu, hakisikii. Kwa kazi mpya tafuta OSDP, lugha mpya zaidi ya visomea kadi. Inapita juu ya RS-485 ileile iliyonidanganya, inazungumza pande mbili, inaweza kufungwa kwa funguo za siri, na tangu 2020 ni kiwango cha kimataifa cha IEC, shirika la viwango vya mambo ya umeme. Siri iwe kwenye funguo zako wewe mwenye mali. Lugha yenyewe iachwe wazi.

Printa ya tiketi nayo ni hivyohivyo. Lugha ya ESC/POS ni ya Epson, lakini waliiandika na watengenezaji wengine wakaifuata, mpaka vile viprinta vya bei poa vya madukani vinaijua. Ukituma 1B 40 unaiambia "sahau yaliyopita, anza upya". Natamani na mie ningetumiwa hiyo baada ya Idi ile.

Kwa hiyo vijana, ombeni karatasi. Muuzaji akisema "inaendana na mifumo yote", mwambie ahsante, naomba karatasi. Akisema "ina RS-485", mwambie najua, na juu yake panazungumzwa nini, naomba karatasi. Akisema ina mlango wa programu nyengine kuingilia, karatasi. Nataka orodha ya amri: ipi ya kuinua, ipi ya kushusha, ipi ya kuuliza kama kuna gari chini ya mkono. Na iandikwe kwenye mkataba kuwa karatasi hiyo ni mali ya mnunuzi, kabla ya malipo ya kwanza. Baada ya malipo ya kwanza wewe si mteja tena, wewe ni mfungwa anayelipia chumba.

Na msidhani haya ni mambo ya geti tu. Chaja za magari ya umeme zitakuja hata kwetu, na huko kuna OCPP, lugha ya chaja iliyoanzia Uholanzi 2009, ili chaja ya kampuni moja iongozwe na mfumo wa kampuni nyengine. Mkiletewa chaja isiyoijua, irudisheni bandarini. Watu wa maegesho wa pande za Marekani, Uingereza na Ulaya walikaa pamoja wakaunda umoja wa APDS, wakubaliane tu jinsi ya kuandika mambo kama "nafasi zilizobaki" na "bei ya saa", na kazi ile ikazaa waraka wa ISO, shirika la viwango la dunia, TS 5206-1, uliotoka 2023. Mashindano yao ya biashara yapo palepale, ila wamekubaliana maneno.

Jirani zetu Nairobi pia wametutangulia. Mwaka 2014 watafiti na wanafunzi wa huko, pamoja na wenzao wa Marekani, walitoa ramani ya njia za matatu, waliyoikusanya kwa simu wakiwa wamepanda magari hayohayo. Data waliiandika kwa GTFS, mtindo wa kuandika njia na ratiba za usafiri, ulioanzia Portland, Marekani, 2005, na kwa kuwa ni mtindo wa wazi njia zile zikaingia kwenye ramani za Google bila kuandikwa upya. Sisi namba tunazo, 502 Bububu, 505 Uwanja wa Ndege, lakini ziko kwenye vioo vya gari na vichwani mwa makonda. Kijana mwenye simu na subira anaweza kuanza kesho. Mnanisubiri mie? Mie nina mgongo.

Najua mtaniambia, "Kaka, mteja anataka rahisi." Mzee wangu alitaka nini? Aliuliza kama mwengine ataweza kulitengeneza. Wateja wetu si wajinga, sisi ndio tunaojibu haraka.

Narudi kwa kijana wa Wete. Nilimwambia awaandikie wauzaji wote wawili swali moja: mashine inazungumza lugha gani, na karatasi ya amri iko wapi. Yule wa bei rahisi, mwenye picha ya kombo, kajibu siku ileile: "Hiyo ni siri ya kampuni." Wa pili kachelewa siku tatu, kisha kaleta faili la kurasa 48, Modbus, rejista zote, yaani vile visanduku vya namba vya kusoma na kuandika ndani ya mashine, zimepangwa. Kamzidi mwenzake laki saba kwa bei, kijana analalamika.

Chukua huyo wa pili. Mpigie bwana wa kiwanja umweleze laki saba hizo ni za nini, umweleze taratibu, usije na RS-485. Na ule ukurasa wenye amri ya kuinua uuchapishe, uutie kwenye mfuko wa plastiki, uubandike ndani ya kifuniko cha geti. Matundu yote ya waya yazibe kwa silikoni, hata lile dogo la chini. Hasa lile la chini. Siku ya kuwasha niambie mapema nikate tiketi ya boti, laptopu nakuja nayo.