Goti limegoma, nitunge dansi au niandike hadithi?

SWALI: Anti shikamoo. Niko Toronto huku, nimecheza bale tangu mdogo mpaka mwaka huu goti likasema basi na daktari naye akakazia. Nina miaka 33. Natamani vitu viwili, kutunga dansi na kuandika hadithi, ila mama anasema niachane na michezo nikasomee kitu cha maana, eti nshachelewa. Nikipanda basi na muziki masikioni vidole vinacheza hatua vyenyewe juu ya paja, abiria wananitolea macho. Nifanyeje? – Mwenye Goti

JIBU: Marahaba mwanangu, pole. Mama mwambie kwenye bale miaka 33 ndo watu wanaanza kufunga virago, hujachelewa chochote. Hapo hapo mjini kwako yupo Veronica Tennant, aliingia National Ballet of Canada 1964 akiwa na miaka 18 tu, akaanza na nafasi ya Juliet kwenye Romeo and Juliet, akaja kustaafu 1989. Sasa riwaya yake ya watoto, On Stage, Please, ilitoka lini? 1977! Wakati huo bado alikuwa anacheza. Na inahusu msichana wa shule ya bale, hakwenda kutafuta stori mbali. Baadaye akahamia kwenye filamu za dansi.

Kwenye kutunga namkubali sana Crystal Pite, naye Mkanada. Alijiunga na Ballet British Columbia 1988, dansi aliyoitunga ikachezwa 1990 huku mwenyewe bado mchezaji, akapita Frankfurt, Ujerumani, kwa mtunzi wa dansi William Forsythe, 2002 akaanzisha kundi lake Kidd Pivot. Onyesho lake Betroffenheit la 2015 kalitengeneza na mwandishi na mwigizaji Jonathon Young, maneno na dansi humo humo, kwa hiyo nani kakwambia lazima uchague?

Hela, mama ana hoja, fundisha watoto hata Jumamosi tu. Ila daftari nunua leo. Riwaya iache kwanza, andika chumba cha kubadilishia, mabinti wamekaa chini wanashona riboni kwenye viatu, nani hamsemeshi nani na kwa nini, we si ulikuwepo bwana. Halafu tafuta wachezaji wawili wenye magoti mazima, watungie dakika tatu, wewe umekaa kwenye kiti. Hapo utateseka, maana mwili utataka kuinuka uwaonyeshe na goti halitaki, itabidi utafute neno la kuwaambia mkono uende vipi, mpaka waelewe. Likipatikana hilo neno, liandike kwenye daftari lile lile.