Namba yako imetoka wapi? Kwa wadogo zangu mnaomaliza risechi ya mwaka wa mwisho

Wadogo zangu mnaofanya projekti ya mwaka wa mwisho, iwe kemia, mikrobiolojia, mazingira au bayolojia, nina kitu kimoja kikubwa cha kuwaambia: projekti yako inasimama au inaanguka kwenye uwezo wako wa kueleza kila namba imetoka wapi. Sio ukubwa wa mada wala jina la mashine uliyotumia. Nimefanya kazi maabara hapa Dar kwa muda sasa, nawaona wanafunzi wanaingia na madeli ya sampuli, wengine nakuwa nao mpaka wanadifendi, na wanaotoka salama ni wale ambao ukiwashika popote kwenye ripoti wanakwambia hii nilichukua kisima fulani, saa fulani, nikapima hivi, nikazidisha kwa hiki, basi.

Tuanze na mada. Wengi wanaleta proposo yenye kichwa kama "Tathmini ya ubora wa maji Dar es Salaam". Dar ipi sasa? Kuna visima vya Mbagala, kuna bomba, kuna mto Msimbazi, kuna maji ya madumu yanayosukumwa kwenye mkokoteni, na kila kimoja peke yake kinaweza kumaliza bumu lote na semista yote. Punguza. Chukua mtaa mmoja, visima vifupi tu, uliza naitreti inapanda kadiri kisima kinavyokuwa karibu na choo cha shimo au haipandi. Hapo una swali lenye jibu, na lina sayansi nyuma yake: sehemu kubwa ya mji huu inategemea vyoo vya shimo na makaro, uchafu wa binadamu una naitrojeni, bakteria wa kwenye udongo wanaigeuza kuwa naitreti, na naitreti haishikiki na udongo, inateremka na maji mpaka kisimani. Ukijua hilo kabla hujaanza unajua unatarajia nini, na ukipata kitu tofauti unajua kwamba kweli ni tofauti.

Angalia na kalenda ya mvua jamani. Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba. Ukichukua nusu ya visima Februari kukiwa kukavu na nusu Aprili mvua ikiwa imeshapiga, huwezi tena kusema tofauti imeletwa na choo, labda imeletwa na mvua, na hakuna programu ya takwimu itakayokutenganishia hayo baadae. Ama vyote uvichukue wiki moja, ama msimu uuingize kwenye swali lenyewe tangu mwanzo. Barua ya chuo ipeleke mapema ofisi ya serikali ya mtaa, na kama unagusa damu, mkojo au taarifa za afya za watu, kibali cha maadili kianze kabla ya vyote maana hicho hakina haraka.

Fildi sasa. Lebo iandikwe kabla chupa haijajazwa, na uibandike juu utepe wa plastiki, maji ya barafu kwenye deli yanafuta wino. Andika saa. Kwa mambo ya bakteria saa ni sehemu ya data: chupa iwe imepita kwenye otoklevu, ile mashine ya mvuke wa presha inayoua vijidudu, nyuzi 121 dakika 15, sampuli ikae kwenye barafu, ifike maabara siku ileile na ikiwezekana ndani ya masaa 6. Foleni ya barabara ya Kilwa unaijua mwenyewe, kwa hiyo anza kuchukua alfajiri kwenye kisima cha mbali zaidi ndo urudi unakaribia maabara. Na kama unachukua maji ya bomba yenye klorini weka sodiamu thayosalfeti kidogo kwenye chupa kabla hujaipeleka kwenye otoklevu, bila hivyo klorini inaendelea kuua bakteria njiani na wewe utaandika sifuri ambayo imetengenezwa kwenye daladala.

Nikikaa na mwanafunzi maabara huwa namuuliza kwanza kuhusu blanki. Blanki ni maji yaliyochujwa kwa mvuke yanayopita hatua zote zilezile za sampuli, kemikali zilezile, vyombo vilevile. Ikisoma kitu maana yake uchafu umetoka kwenye vyombo vyako au kemikali zako, na namba zako zote zimebeba huo uchafu. Ya pili, stendadi, yaani miyeyusho ambayo kiwango chake unakijua tayari, unayoisoma kwanza ili uchore mstari wa kulinganishia sampuli. Ukichora mstari wa stendadi mpaka 10 halafu sampuli ikasoma juu ya hapo, usiurefushe mstari kwa macho, zimua sampuli upime tena, na ile "mara 20" uliyozimulia iandike palepale kwenye daftari. Nimeona watu wazuri kabisa wanapoteza kisima kizima kwa sababu hawajui tena kama namba ilishazidishwa au bado.

Ya tatu ni yuniti, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, WHO, kwa maji ya kunywa ni miligramu 50 za naitreti kwa lita. Mashine na vifaa vingi vya kupimia vinatoa jibu kama naitrojeni iliyomo kwenye naitreti, na ili upate naitreti yenyewe unazidisha kwa kama 4.43. Kwa hiyo 20 inayoonekana ipo chini ya 50 na maji yanaonekana safi, ukiigeuza inakuwa karibu 89. Kisima kilekile, maji yaleyale, umewaambia watu kunyweni wakati ulitakiwa kuwaambia simameni.

Halafu kuna hii ya kupima mara tatu. Kila mtu anaandika kwamba alipima mara tatu, sawa, lakini mara tatu ya nini? Ukichota chupa moja ukaisoma mara tatu kwenye spektrofotomita, mashine inayopima mwanga unaopita kwenye sampuli, umejua mashine na mkono wako vimetulia kiasi gani, hujajua chochote zaidi kuhusu kisima. Ukichota chupa tatu kisima kimoja umejua kisima hicho. Ukitaka kusema kitu kuhusu visima vilivyo karibu na vyoo unahitaji visima vingi vilivyo karibu na vingi vilivyo mbali, na unapoingia kwenye takwimu idadi yako ni idadi ya visima. Mtu ana visima 4 kila kimoja kimesomwa mara 3, anaingiza kwenye SPSS, programu ya takwimu, kama ana 12, anapata p ndogo, ile namba inayoashiria kwamba tofauti sio ya bahati tu, anafurahi. Hiyo p sio ya kweli, na mtahini mzoefu ataiona kwenye jedwali kabla hujamaliza kusalimia.

Msione naongelea vitu vidogo vidogo mkadhani sayansi kubwa iko kwingine. Erasto Mpemba mnamjua, mwanafunzi wa Magamba sekondari, mwaka 1963 aliweka maziwa ya aiskrimu ya moto kwenye friji akaona yameganda kabla ya ya wenzake yaliyopoa. Akachekwa. Baadae akiwa Mkwawa akamuuliza Denis Osborne, mwalimu wa fizikia aliyetoka chuo kikuu hapa Dar, Osborne akarudi akalipima maabara na mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Mpaka leo wanafizikia wanabishana kama hiyo kitu ipo kweli, na mwaka 2016 Burridge na Linden, watafiti wa Uingereza, walionyesha kwamba kipimajoto kikikaa juu au chini kidogo tu, hata sentimita moja hivi, matokeo yanaweza kuonekana yamegeuka. Hapo unaona kijana wa sekondari aliuliza swali zuri kuliko walimu wake, na unaona pia kwamba zaidi ya miaka 50 baadae mjadala umerudi palepale, ulipima wapi na ulipima vipi.

Kwa hiyo daftari. Lenye kurasa zenye namba, wino, tarehe, ukikosea unapiga mstari mmoja ili cha zamani kisomeke, hakuna kuchana. Jioni ileile zipige picha kurasa, zitume kwenye imeili yako, data ghafi ziwe kwenye faili moja la Eksel usiloligusa na mahesabu yafanyike kwenye faili lingine. Fleshi moja tu sio mahali pa kuhifadhi risechi ya mwaka mzima.

Matokeo yakija kinyume na ulivyotegemea usiyaguse. Hili nalisema kwa moyo wote kwa sababu najua presha ilivyo, wiki zimebaki chache, rafiki anakwambia badilisha hiyo moja tu mstari unyooke. Mtahini haadhibu jibu la "hatukuona uhusiano", anaadhibu mtu asiyejua kwa nini. Labda choo kilicho karibu ni kipya, labda kisima kimejengewa vizuri kwa saruji, labda mkondo wa maji chini ya ardhi unaelekea upande mwingine, hiyo yote ni sura ya majadiliano nzuri kabisa.

Kuandika usisubiri data iishe. Sura ya mbinu iandike wiki unayofanya kazi, bado unakumbuka ujazo wa chupa. Supavaiza wako usimwendee na "Shikamoo Dokta, naomba unisaidie projekti", nenda na karatasi moja, jedwali moja, maswali mawili, na baada ya kikao mtumie imeili ya mlichokubaliana. Wale wanaokuandikia ripoti kwa pesa waache kabisa, na hizi programu za akili mnemba ukizitumia kurekebisha lugha basi kila rejea inayokupa ifungue usome mwenyewe, zinatunga makala ambazo hazipo na siku ya kudifendi aliyesimama mbele ni wewe.

Na ukishamaliza rudi mtaani. Watu walikufungulia geti, wakakuvutia ndoo, wana haki ya majibu yao kwa Kiswahili cha kawaida, ukishakubaliana na supavaiza namna ya kuyatoa. Ukikuta E. koli, bakteria anayeonyesha kinyesi kimeingia kwenye maji, waambie wachemshe maji. Ukikuta naitreti iliyozidi kiwango waambie wazi kwamba kuchemsha hakuiondoi, maji yanavyopungua kwenye sufuria ndo inazidi kukolea, na maji hayo yasitumike kukorogea maziwa ya mtoto mchanga maana yanaweza kuharibu uwezo wa damu yake kubeba oksijeni. Mama mwenye kichanga atafutiwe maji mengine siku hiyohiyo, na nakala ya majibu uiache ofisi ya mtaa.