Jina lako kwenye pepa ya utafiti: malizaneni kabla hamjaanza kuandika

Wadau, hasa nyie mnaomaliza masters na mnaopiga kazi ya risechi asistanti kwenye miradi, hili naliongea kwa sababu nimekaa pande zote mbili, nimebeba dodoso vijijini na siku hizi kuna vijana wanaonibebea mimi. Watu wakisikia maadili ya kupablishi wanawaza kukopi kazi ya mtu na ile asilimia ya Turnitin (programu inayopima maandishi yako yanafanana kiasi gani na ya wengine), basi. Ila ugomvi ninaoukuta sana ni wa majina, nani anaanza, nani anafuata, nani katoswa.

Kuna mradi mmoja niliufanyia kazi, siutaji. Pepa ilipotoka bosi mmoja yumo ndani na hajawahi hata kuuliza dodoso lina maswali gani, halafu dada aliyesafisha data yote na kutengeneza majedwali kawekwa kule chini kwenye shukrani, sambamba na dereva. Watu walinuna weee, lakini nani amfunge paka kengele?

Na sheria ipo jamani, sio mambo ya kubahatisha. Majarida mengi ya tiba yanafuata masharti ya ICMJE (kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba) ya nani anastahili kuwa mwandishi, yako manne na unatakiwa uyatimize yote: uwe umechangia kitu cha maana kwenye kupanga utafiti au kukusanya au kuchambua data, uwe umeandika au umeihariri pepa kwa kina, uwe umeipitisha toleo la mwisho, na ukubali kujibu maswali yakija. Kutafuta hela peke yake hakutoshi, kuwa mkuu wa idara ndo kabisaa. Kukusanya data tu pia hakutoshi, na hapo ndo vijana wengi wanapigwa bao, wanaambiwa "wewe ulikusanya tu". Sasa shika hii: masharti hayohayo yanasema aliyetimiza lile la kwanza apewe nafasi ya kushiriki kwenye kuandika na kupitisha. Yaani hawaruhusiwi kukunyima drafti halafu wakageuka kusema hukuandika.

Kuna wanaoona kupewa jina la bure ni zali. Waulize wale walioweka majina yao kwenye pepa ya data ya Surgisphere, kampuni iliyodai ina rekodi za wagonjwa. Mei 2020 jarida la tiba The Lancet walitoa pepa inayosema hydroxychloroquine, dawa ya malaria, inaendana na vifo zaidi kwa wagonjwa wa Corona, data eti ya wagonjwa zaidi ya 96,000 kutoka hospitali 671 duniani, WHO wakasimamisha kwa muda majaribio ya hiyo dawa. Wanasayansi wakaanza kuhoji, mojawapo ikiwa data ya Afrika, maana ilikuwa na rekodi za kielektroniki za kina kuliko hali halisi ya hospitali zetu (wewe uliyefanya kazi wodini na mafaili ya makaratasi unaelewa). Kampuni ikagoma kutoa data ikaguliwe, na tarehe 4 Juni waandishi watatu kati ya wanne wakaomba pepa iondolewe kwa kuwa hawawezi kuithibitisha data. Wa nne ndo alikuwa mwenye kampuni. Wakubwa wa maana hao, mmoja wa Harvard, na majina yao yako pale mpaka leo.

Sasa ufanyeje. Ongeleeni majina siku mnagawana kazi, sio siku pepa inatumwa, maana ikishatumwa hata kubadilisha mpangilio jarida litataka waandishi wote wakubali, na mkigombana wahariri wanaofuata mwongozo wa COPE (kamati ya maadili ya uchapishaji) hawawaamulii, wanawarudisha chuoni kwenu, na chuoni kwenu unajua nani anakaa kwenye kamati.

Najua kumuuliza profesa "mimi nitakuwa mwandishi wa ngapi" ni mtihani, utaonekana una njaa ya umaarufu. Mimi nilikuwa natuma imeili fupi baada ya kikao: "Shikamoo Prof. Naomba kuweka kumbukumbu ya tulichokubaliana leo, mimi nachambua data na kuandika drafti ya kwanza, Dokta anaandika utangulizi, Prof unapitia. Kama nimekosea naomba unisahihishe." Suala la jina hujalitaja kabisa ila nani anafanya nini kimeandikwa, na wengi wanajibu "sawa" tu. Hiyo "sawa" itunze! Majarida mengi siku hizi yanataka mchango wa kila mtu kwa mfumo wa CRediT, orodha ya kuonyesha nani kafanya nini, una majukumu 14, ukiwa na ile imeili kujaza ni dakika chache.

ChatGPT haiwekwi kama mwandishi, haiwezi kuwajibika, ukiitumia sema umeitumia wapi.

Na ukiletewa meseji Telegram kwamba kuna pepa tayari imekubaliwa, nafasi ya mwandishi wa tatu inauzwa, hao ni viwanda vya pepa feki, usiulize hata bei, bloku.