Shika barabara, mzigo utajibadilisha

Mhariri, swali lenu la wiki lilikuwa hili: mwenye lori moja au mawili, asiye na kampuni kubwa nyuma yake, abobee kwenye mzigo wa aina moja au abebe chochote kinachokuja? Najua majibu mengi yataanza na mshika mawili. Mimi nimeendesha magari ya watu miaka kumi na moja, sasa nina mawili yangu, na bado sijamwona mwenye lori aliyekaa chini akachagua mzigo. Tela ndilo huchagua. Kichwa cha lori utakifunga tela lolote, lakini siku uliyolipia tela ndiyo siku uliyojibu swali lenu, ulijua au hukujua.

Nianze na tenki la mafuta, maana ndilo linalotamaniwa. Zamani mwenye tenki la kwenda Zambia alikuwa mtu mzito, hata mama ntilie wa Tunduma alimwekea nyama ya ziada. Kazi ilieleweka: unapakia Dar, unapanda Kitonga, unavuka mpaka Nakonde, unashusha Ndola au Lusaka, unarudi mtupu, na nauli ilishahesabu huko kurudi. Gharama za kuingia ni kubwa (tenki likapimwe na Wakala wa Vipimo pale Misugusugu, dereva awe na mafunzo, vibali viwe kamili), na gharama hizo zenyewe ndizo ukuta wa kuwazuia wengine wasikufuate. Huo ndio utamu wa kubobea, siukatai.

Sasa lipo bomba la TAZAMA, lile lililojengwa mwaka 1968, kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola. Kwa miaka mingi lilibeba mafuta ghafi, na sisi wenye magari hatukulijali. Mwaka 2023 likaanza kupitisha dizeli iliyokwisha kusafishwa. Mzigo uliokuwa unapita juu ya lami ukazama ardhini. Jirani yangu hapa Makambako alikuwa ndiyo kwanza amechukua tenki la pili kwa mkopo. Petroli bado inakwenda kwa magari, lakini matenki yaliyokosa dizeli yote yameikimbilia hiyo hiyo, nauli imeshuka. Na tenki huwezi kulipakia mahindi.

Wenzetu wa Mombasa waliliona hili mapema zaidi. Treni ya SGR, ile reli ya kisasa ya Kenya, ilianza kubeba kontena kwenda Nairobi mwaka 2018, mwaka 2019 ikatoka amri ya kuzipandisha kontena kwenye reli, vijana wakaandamana mjini. Rais Ruto alipoapishwa Septemba 2022 akarudisha Mombasa shughuli za kutoa mizigo zilizokuwa zimehamishiwa bara. Sawa, lakini miaka mitatu ni mirefu mno kwa mtu mwenye rejesho la kila mwisho wa mwezi na tela ambalo halijui kubeba kitu kisicho kontena.

Basi tubebe chochote? Nilijaribu. Gari langu la kwanza lilishusha salfa, ule unga wa njano unaopelekwa migodini, na dalali akanipigia simu kuwa kuna mchele Ubaruku unatakiwa Dar upesi. Dereva akafagia tela, akalimwagia maji, akalikausha juani, tukapakia. Kule Dar mwenye mchele alifungua turubai, akainama, akanusa, akafunga turubai. Salfa hainuki kama mzoga, inanuka kama kiberiti kilichozimika sasa hivi, na gunia la mchele linakunywa ile harufu. Nililipa sehemu ya mzigo na sikupata nauli. Hayo maji ya kuoshea nayo yalinifanyia kazi nyingine: unga wa salfa ukikutana na unyevu unakula chuma, na fremu ya tela niliichomelea mwaka uliofuata.

Mara ya pili ilikuwa korosho. Niliambiwa msimu wa Mtwara unalipa, nikampeleka dereva ambaye maisha yake yote ni Dar na Tunduma. Akapanga foleni ghalani siku kumi na mbili. Waliokuwa wanapakia mbele yake hawakufika mapema kuliko yeye, ila walikuwa wanajulikana. Wanajua karani yupi anaingia saa ngapi, wanajua ghala lipi litafunguliwa kesho. Dereva wangu alijua bei ya wali tu. Posho ya siku kumi na mbili iliimaliza faida kabla hata gurudumu halijazunguka.

Hapo ndipo nilipobadilisha fikra. Nilichokuwa nimebobea hakikuwa salfa wala mchele. Kilikuwa barabara. Kutoka Dar hadi Lubumbashi, kwenye shaba ya Kongo, ni karibu kilomita 2,000, ukienda Kolwezi mbele yake ongeza kama 300, na barabara hiyo ina elimu yake. Kadi ya njano, ile bima ya gari ya kuvukia mipaka, ikiisha muda ukiwa katikati ya Zambia utajuta. Kuna sehemu unalala na sehemu hulali hata macho yakifumba. Na mizani! Watu wanadhani kikomo ni tani 56 za gari zima, imeisha. Mabamba ya shaba ni mazito kwa namna ya ajabu, tani thelathini ukizitazama kwenye tela unasema hili gari ni tupu. Ukiyapanga vibaya, uzito wa jumla uko ndani ya sheria lakini ekseli moja imezidi, na mizani inapima kila kundi la ekseli. Dereva wangu anajua kupanga shaba kwa jicho. Hiyo ndiyo mali yangu, kuliko hata kichwa.

Kwa hiyo nina tela bapa, la kuta zinazofunguka, lenye kufuli za kontena. Kupanda kwenda Kongo nabeba salfa ya kutengenezea tindikali ya kuchenjulia mawe, au mashine, au kontena, au saruji. Kushuka Dar nabeba shaba, ikikosekana nabeba kingine cha Zambia. Chakula sibebi tena. Mtu akiniuliza mimi ni wa mzigo gani sina jibu, akiniuliza ni wa njia gani namjibu kabla hajamaliza.

Nikiri kwamba njia nayo hufungwa. Agosti 2024 Zambia ilifunga mpaka wa Kasumbalesa siku chache kwa ugomvi wa biashara na Kongo, na gari langu lilikuwa kwenye foleni. Februari 2025 Kongo ikasimamisha kuuza nje kobalti, yale madini ya betri, waliozoea kushuka na kobalti wakasimama nayo. Waliokuwa na kazi nyingine kwenye barabara ile ile waliendelea kusogea, polepole.

Jambo moja hamkuliuliza, nami naliona kubwa kuliko aina ya mzigo: idadi ya wanaokulipa. Niliwahi kuyaweka magari yote mawili kwa kampuni moja. Mzigo ulikuwa haukatiki, raha tupu. Walilipa baada ya siku thelathini, halafu sitini, halafu tisini, na kila nikilalamika naambiwa nipakie kwanza hili moja, hundi inakuja. Dizeli huilipi kwa hundi inayokuja. Sasa hata mteja awe mzuri vipi, gari la pili simpi. Mwenye magari hamsini anaweza kumsubiri mdaiwa, mimi nikisubiri tairi zinaisha.

Kwa kijana mwenye lori lake la kwanza ningesema tela bapa, njia moja, dereva anayeijua kuliko wewe, wateja wawili au watatu. Tenki anunue yule ambaye tayari ana mkataba wa maandishi, na ausome mpaka mwisho.

Ninakokaa barabara inagawanyika, kushoto Songea, kulia Mbeya na Tunduma, na reli ya TAZARA, ya Dar hadi Zambia, inapita hapa hapa. Wachina wamesaini mwaka 2025 kuikarabati kwa dola bilioni 1.4, na wanachokitaka ni shaba ile ile ninayoishusha mimi. Mafundi wakimaliza kazi, huenda nikahitaji kulisoma upya jibu langu hili. Siku hizi treni ya mizigo ikipita usiku naamka, nalala chali, nahesabu mabehewa.